Kulinganisha watu wa miji bila kuingizwa mjini: mfano wa Lindi na Mtwara

Siku hizi ukikaa na watu wa kusini hukosi kusikia kwamba Lindi imeshaipita Mtwara, na ukibisha mtu anakutolea namba kwenye simu: sensa ya 2022 Manispaa ya Lindi watu 174,126, Manispaa ya Mtwara Mikindani watu 146,772. Namba ni za kweli, hazijachakachuliwa. Ila sensa ya 2012 Lindi ilikuwa na 78,841 na Mtwara 108,299, sasa jiulize mji gani unazidi mara mbili ndani ya miaka kumi na bado ukishuka stendi unaona mitaa ni ile ile. Kazi yangu ni kuandaa takwimu za maeneo kwa watu wanaotaka kufungua maduka, famasi, visima na mengineyo, na hii ndo njia ninayopita nayo kila mara.

Hatua ya 1. Andika ni eneo la aina gani

Fungua jedwali, safu ya kwanza weka jina, ya pili aina ya eneo, ya tatu mwaka, ya nne idadi. Hiyo safu ya aina wengi wanairuka na ndo inayoua. "Lindi" inaweza kuwa mkoa (watu 1,194,028 mwaka 2022), inaweza kuwa manispaa, au ule mji wenyewe wa pale bandarini, na mtandaoni vyote vinaandikwa Lindi tu. "Mtwara" hivyo hivyo, kuna mkoa, kuna halmashauri ya wilaya, kuna manispaa. Kama hujui namba yako ni ya aina gani usiiweke kwanza, iache pembeni.

Hatua ya 2. Tenganisha waliohesabiwa na waliokadiriwa

Sensa zetu tangu Muungano ni 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Namba ya mwaka mwingine wowote baada ya hapo, mfano 2017 au 2020, ni makadirio, kuna mtu kachukua sensa ya nyuma akapiga hesabu ya kusonga mbele. Si dhambi, ila usiyaweke safu moja na sensa. Angalia Dar: makadirio ya Umoja wa Mataifa ya watu wa miji duniani, toleo la 2018, yaliipa kama watu milioni 6.7 mwaka 2020, sensa ikaja 2022 ikahesabu 5,383,728 mkoa mzima. Mtu akiziunganisha hizo mbili kwenye mstari mmoja anakuja kukwambia Dar watu wamekimbia zaidi ya milioni kwa miaka miwili, kumbe hakuna aliyehama.

Hatua ya 3. Mtafute jirani

Hapa ndo penye kazi yenyewe kwaiyo usiwe na haraka. Kila eneo unalolichunguza chukua na jirani yake anayepakana naye, hasa ile halmashauri ya "vijijini", uangalie wote wawili kwa pamoja. Ukiona mmoja kavimba ghafla huku mwenzake kapungua au kapotea kabisa kwenye orodha, simama hapo hapo, maana mpaka wa eneo umesogezwa.

Lindi sasa. 2002 Lindi Mjini 41,549, Lindi Vijijini 215,764. 2012 Mjini 78,841, Vijijini 194,143. Unaona? Mjini karibu mara mbili, Vijijini kashuka. Halafu 2022 ukitafuta Lindi Vijijini huipati, maana ile halmashauri ilivunjwa, upande wa Mchinga ukaingizwa Manispaa na uliobaki ukawa Halmashauri ya Mtama. Yaani ukisoma majedwali ya kata za Manispaa ya 2022 unakutana na Mchinga, Kitomanga, Rutamba, sehemu ambazo ni vijiji na mashamba ya mikorosho na minazi, na watu wake 2012 walihesabiwa Vijijini. Ni sawa na kujiongezea shamba la jirani afu utambe kwamba mikorosho yako mwaka huu imezaa kuliko ya wenzako.

Na kuna wakati inakuwa kinyume, eneo linaonekana limekufa. Kinondoni 2012 ilikuwa na watu 1,775,049, 2022 ikawa 982,328. Hakuna tauni iliyopita, ni Ubungo imekatwa ikawa wilaya yake, nayo 2022 ina 1,086,912. Jumlisha unapata 2,069,240, Kinondoni ya zamani imekua vizuri tu. Temeke na Kigamboni mchezo ndo huo huo.

Hatua ya 4. Rudisha kwenye ardhi moja

Njia rahisi ni kujumlisha mpaka upate mpaka wa nje ambao haujabadilika. Kwa Lindi ni Mjini na Vijijini kwa miaka ya nyuma, na Manispaa na Mtama kwa 2022:

2002: 41,549 + 215,764 = 257,313
2012: 78,841 + 194,143 = 272,984
2022: 174,126 + 166,493 = 340,619

Hasara yake ni kwamba hupati mji peke yake. Ukitaka mji wenyewe inabidi ushuke kwenye kata, uchukue kata za Manispaa ya zamani tu na uzijumlishe kwa kila mwaka. Angalia sana, kata nazo zinagawanywa na kupewa majina mapya, kwaiyo ukikuta kata 2022 ambayo 2012 haipo, usiitupe, tafuta ilizaliwa na kata ipi uirudishe kwa mama yake.

Hatua ya 5. Piga kasi ya mwaka

Fungua jedwali jingine la Excel, idadi ya zamani weka kisanduku B2 na mpya C2, halafu andika =(C2/B2)^(1/10)-1 kisha geuza iwe asilimia. Hiyo 10 ni miaka kati ya sensa na sensa, ukilinganisha 1988 na 2002 weka 14. Manispaa ya Lindi jinsi ilivyo inakupa kama 8.2 kwa mwaka, kasi ambayo hata Dar haina. Lindi ya ardhi moja inakupa 2.2. Mtwara Mikindani 3.1. Kwaiyo yule wa kwenye simu, ubishi wake umeishia hapo.

Hatua ya 6. Uliza mji unaishia wapi kweli

Mpaka wa halmashauri ni wa utawala, watu hawaujali. Kiwanda cha saruji cha Dangote kipo Mtwara Vijijini ila wafanyakazi kibao wanalala Manispaa. Dar nayo imeshamwagikia Pwani, huko Kibaha na Mkuranga, na wale hawamo kwenye 5,383,728. Ndo maana kuna wanaohesabu mji kwa msongamano bila kuangalia mpaka wa utawala: ardhi inagawanywa viboksi vya kilomita moja ya mraba, vinavyogusana vyenye watu kuanzia 1,500 kila kimoja vinaunganishwa, jumla ikifika 50,000 hilo ni jiji. Umoja wa Mataifa walipohamia njia hii kwenye toleo la 2025, Tokyo iliyozoeleka kuwa namba moja kwa watu kama milioni 37 ikashuka mpaka ya tatu, milioni 33, Jakarta ikapanda juu na karibu milioni 42. Toleo la 2018 na la 2025 usiyaweke jedwali moja.

Hatua ya 7. Chini ya jedwali weka mstari mmoja

Mimi naandika hivi: "Lindi Manispaa na Mtama kwa pamoja, eneo sawa na Lindi Mjini na Vijijini za 2012, idadi za sensa, si makadirio." Mteja akiuliza mbona tofauti na alizoziona mtandaoni, unamwonyesha huo mstari afu mnaendelea na kazi.