Kriketi kwenye simu: soma pichi kabla ya kupiga

Anza na simu yenyewe. Michezo kama World Cricket Championship na Real Cricket ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi, huku umeacha nafasi ya kutosha, GB 2 hivi. Kisha ifungue papo hapo nyumbani, kwa sababu mara nyingi hushusha mafaili mengine ikifunguka mara ya kwanza, na bando linaweza kuisha ukiwa kwenye foleni ya Thika Road. Zima hali ya kuokoa betri. Inaweza kupunguza kasi ya kioo, na mpigo wako ukasajiliwa umechelewa hata kama kidole kiliwahi. Kwenye matatu, mechi ya ova 2 au 5 inatosha (ova moja ni mipira 6).

Sasa kupiga, na hapa ndipo wengi huangukia. Wanaoanza humkodolea macho mrushaji. Tazama pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia: katika viwango rahisi, alama huonyesha mahali mpira utakapodunda. Ikiwa karibu na miguu ya mpigaji, sukuma mpira mbele, chini chini. Ikiwa mbali naye, karibu na katikati ya pichi, mpira utapanda hadi kifuani, basi uvute kuelekea upande wa legi, yaani upande ulio nyuma ya mpigaji anaposimama kiubavu. Ikiwa kati ya hapo na mpira unaelekea kwenye wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji, zuia tu. Mpira ulio nje upande wa ofu, yaani upande ulio mbele ya mpigaji, ukiuvuta kuelekea legi, unaweza kugusa ukingo wa bati (gongo la kupigia) na kuishia mikononi mwa mlinda wiketi.

Kuhusu wakati: kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukiwahi mno mpira huenda legi, ukichelewa huenda ofu. Ukiona unatolewa kila mara na mrushaji wa spini, yule anayeuzungusha mpira ili ugeuke unapodunda, karibu hakika unawahi. Mpira wake ni wa polepole, kwa hiyo ngoja udunde kwanza ndipo uguse kitufe.

Mpigo wa juu utumie kwa hesabu. Katika T20, mechi ya ova 20 kwa kila timu, ova 6 za kwanza huruhusu wadakaji 2 pekee nje ya duara lililochorwa kuzunguka pichi, kwa hiyo mpira unaopita juu ya vichwa vya walio ndani una nafasi kubwa ya kufika kwenye mpaka. Baada ya hapo wanaruhusiwa 5 nje. Fungua ramani ya wadakaji kabla ya kila ova, kisha lenga mwanya. Mikimbio 1 na 2 ndiyo hujenga alama. Anayetafuta 6 kila mpira kwa kawaida humaliza wiketi mapema, yaani wapigaji wake hutolewa wote.

Kurusha ni rahisi zaidi. Simamisha kipimo kinachosogea kwenye kioo kabla hakijavuka mstari. Kikivuka, ni mpira haramu, na mpinzani hupewa mpigo wa bure. Usirudie mpira uleule mara 3. Spini ihifadhi kwa wakati mpinzani anapolazimika kukimbiza alama. Pale Nairobi Gymkhana, katika Kombe la Dunia la 2003, Sri Lanka walikuwa wakifukuzia 211 dhidi ya Kenya, mrushaji wa spini wa Kenya Collins Obuya alipowatoa wapigaji 5 (wiketi 5) kwa mikimbio 24, wakaishia 157. Katika T20, mpe mrushaji wako wa spini ova zake 4 kutoka upande mmoja wa pichi, akipokezana na mwenzake, na weka wadakaji kwenye mpaka upande anaoupenda mpigaji.

Ukiweza kushinda mechi 3 mfululizo katika kiwango rahisi, panda kiwango. Ukikawia hapo, utazoea kuitegemea ile alama, na katika viwango vigumu huenda usiione.