Modeli ya AI ina masharti yake pia
Wadau wa Tanga mnaowatengenezea watu chatiboti za gesti na maduka pale Ngamiani, ukilipia jukwaa la mtandaoni lenye modeli nyingi (modeli ndiyo programu ya AI inayotunga majibu ya chatiboti) usidhani masharti ya jukwaa yanatosha, kila modeli ina mwenyewe na yeye ana yake, mfano Llama 3.1 ya Meta ukiiweka kwenye huduma yako inabidi uandike wazi "Built with Llama", hiyo ni lazima sio hiari. Fungua ukurasa wa modeli, isome leseni. Halafu cheki meseji zinaenda seva ya nani na zinakaa muda gani, maana majina na namba za wageni zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jamani hizo ni siri za watu. Ukibadilisha modeli, soma upya.