Usiiamini Lebo: Namna ya Kuichimba Historia ya Santuri ya Kikuba

Kwanza, usiifute kwa spiriti. Santuri yangu ya kwanza ya mizunguko 78 kwa dakika niliinunua Kenyatta Market, Nairobi, nikaipangusa kwa spiriti nikidhani naitunza. Kitambaa kikatoka cheusi tititi. Sahani hizo ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, na lebo isiloe.

Kisha iinamishe chini ya taa. Kati ya lebo na mistari ya mwisho utaona nambari zimegongwa. Zinakili zote, hata zinazoonekana upuuzi, maana ndizo zitakazokuongoza hadi siku ya kurekodi. Tangu 1933 HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, ilizitoa upya nyimbo za Kuba kwa soko la Afrika, nambari za lebo zikianza na GV, kwa hiyo wimbo waweza kuwa mkongwe kuliko sahani uliyoshika.

Maneno ya lebo yatilie shaka. "El Manisero" wa Moisés Simons, uliorekodiwa New York 1930 na bendi ya Don Azpiazu, Antonio Machín akiimba, uliuzwa Marekani kama rumba. Ni son, mtindo mwingine wa muziki wa Kuba, umejengwa juu ya mwito wa mchuuzi wa njugu, zile za kufungwa kwenye karatasi iliyosokotwa, kama zinavyouzwa hapa mjini. Rumba ya Kuba yenyewe ni ngoma, vijiti na sauti. Jina lililokosewa ndilo lililovuka bahari, nasi tukalishika. (Usijaribu kumsahihisha mpenzi wa rumba baa, Jumamosi usiku.)

Halafu watafute wazee. Max Salazar, mwanahistoria na mwandishi wa muziki wa Kilatini kule New York, aliwaendea wanamuziki wenyewe, akawauliza. Fanya hivyo, ila usiulize mwaka. Watakutajia wowote ili wakuridhishe. Uliza: "Mzee, Tom Mboya alikuwa hai bado?" Jibu likiwa ndiyo, uko kabla ya Julai 1969, mwanasiasa huyo wa Kenya alipouawa. Uliza alikuwa akikaa mtaa gani, akilipwa na nani.

Na uache simu irekodi hata chai inapoletwa. Mzee mmoja wa Eastlands alikuwa ameshachoka na maswali yangu. Akachukua kijiko, akagonga kikombe: tatu, kisha mbili, tatu, kisha mbili. Ndiyo clave, mapigo yanayoushikilia muziki mwingi wa Kuba. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Gramafoni ya jirani," akasema. "Ukuta ulikuwa wa mabati."