Jinsi ya Kujua Kama Watoto Wameelewa Kijitabu cha Picha Kuhusu Haki Zao

Kifungu cha 42 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliuridhia mwaka 1990, kinaitaka serikali iyajulishe yaliyomo kwa watu wazima na kwa watoto wenyewe. Kwa hiyo kijitabu kinachokusudiwa kugawiwa Kadutu au Bagira, mitaa ya mji wa Bukavu, kisichapishwe kabla watoto wa huko hawajaeleza wanaona nini ndani yake.

Funika maandishi kwanza. Mwoneshe mtoto picha akiwa peke yake, kwa sababu mbele ya wenzake jibu la wa kwanza huwa la wote, na umuulize kwa lugha ya nyumbani kwake, iwe Kiswahili au Kishi: "Hapa unaona nini? Huyu anafanya nini?" Usimuulize kama ameelewa, kwani mtoto mwenye adabu humwitikia mkubwa "ndiyo" hata asipoelewa. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Alama zichunguzwe kwa makini zaidi. Mizani iliyochorwa kumaanisha haki inaweza kuwa, machoni pa mtoto wa Bukavu, mizani ya muuza nyama tu. Picha ya mwalimu mwenye fimbo iliyopigwa alama nyekundu ya X nayo ni ya hatari, kwa kuwa mtoto anaweza kuiona fimbo na asiitambue alama ya katazo; naona ni afadhali achorwe mwalimu anayefundisha bila fimbo.

Picha za kazi ndizo ngumu kuliko zote. Mtoto akioneshwa msichana aliyebeba bidoni ya maji, huenda akasema, "Anamsaidia mama," na hatakuwa amekosea, kwani hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika kifungu cha 31, unataja wajibu wa mtoto kwa familia yake. Kinachopingwa na kifungu cha 32 cha ule wa Umoja wa Mataifa ni kazi inayomdhuru mtoto au kumzuia kusoma, na tofauti hiyo haioneshwi na picha moja. Zichorwe mbili: katika ya kwanza msichana anateka maji akiwa ametoka shuleni, mkoba ukiwa bado mgongoni, katika ya pili ameinama chini ya gunia sokoni huku wenzake wakiingia darasani. Kisha uliza upya.

Mtoto akisema, "Hata mimi hupigwa hivyo," acha maswali ya kijitabu. Usimdadisi mbele ya watu. Msikilize faraghani, umpeleke kwa anayehusika na ulinzi wa watoto.

Mwishoni funua maandishi, umwombe amsimulie mdogo wake ukurasa huo. Picha iliyowapotosha watoto kadhaa ichorwe upya, isiongezewe maelezo chini yake, kwa sababu kijitabu kitafunguliwa nyumbani pia, na wadogo wasiojua bado kusoma.