Soma Jekyll na Hyde kwa Kuanzia Mlangoni

Mpwa wangu alikuja likizo na swali la fasihi ya Kiingereza: wema na uovu katika hadithi za kutisha za zama za Malkia Victoria. Alikuwa ameshapiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto Dkt. Jekyll, mwema. Kulia Bw. Hyde, mwovu.

Nikamwambia, "Mwanangu, karatasi hiyo kafungie bajia."

"Lakini mjomba, kila mtu darasani kaandika hivi."

Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, Langoni. Nachonga nakshi kwenye mbambakofi na msaji, na kitabu hiki cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka Januari 1886, nimekisoma mara nyingi kuliko inavyompasa fundi mwenye kazi za watu. Haya ndiyo niliyomwelekeza, na nayaandika kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Kwanza, jifanye hujui mwisho. Nakala yangu ya awali haikuwa na mwisho. Mchwa walianzia nyuma, wakala mpaka sura ya 8 ilipokomea, na kitabu kina sura 10. Kwa miaka niliamini kwamba Hyde ni mtu mbali, mhuni anayemkamua daktari pesa kwa siri fulani ya ujanani. Nilipopata nakala nzima, Mombasa, kwa muuza vitabu vikuukuu, zile sura mbili nilizimaliza nimekaa kwenye baraza ya nyumba nisiyoijua mwenyewe. Niliwalaani mchwa, kisha nikawashukuru. Wasomaji wa 1886 walikianza kitabu vivyo hivyo, hawajui kwamba wawili wale ni mmoja. Wewe umeshaambiwa, maana majina hayo yamekuwa msemo. Basi zisome sura 8 za mwanzo ukiwa ubavuni mwa Utterson, wakili, anayehofia kwamba rafiki yake anatishwa. Utaona mambo ambayo anayejua huyaruka.

Pili, chukua penseli uchore nyumba. Sura ya kwanza ni habari ya mlango, na wala si bure. Mlango huo hauna kengele wala cha kugongea, rangi yake imevimba na kubabuka. Wazururaji hujibanza pale wakiwasha viberiti kwenye mbao zake, watoto hucheza duka vidatoni, mwanafunzi mmoja amejaribia kisu chake kwenye urembo wa mbao. (Hapo roho iliniuma.) Hyde ana ufunguo wake. Sasa zunguka upande wa pili wa mtaa, kwenye uwanja wa nyumba za kale: uko mlango wenye sura ya mali na raha, na ukumbi ambao Utterson huusifu kuwa hakuna chumba cha kupendeza zaidi London nzima.

Nyumba ni moja. Enfield, anayesimulia habari za ule mlango mbovu, alichelewa kugundua kwamba ni njia ya nyuma ya nyumba ya Jekyll, na alipogundua akajiita punda. Kwetu mtu akitaka kuunganisha nyumba mbili hujenga wikio juu ya njia, na apitaye chini akiinua kichwa analiona. Jekyll wikio lake kalipitisha ndani, kwenye ua na chumba cha zamani cha kupasulia maiti alichokinunua kwa warithi wa daktari mwingine. Chora yote hayo. Andika nani anaingilia wapi, saa ngapi, na nani anamwona.

Mpwa wangu aliuliza kama Stevenson alikuwa seremala. Hapana, kwao walikuwa wahandisi wa minara ya taa za baharini. Lakini alizaliwa Edinburgh, 1850, na chumbani mwake utotoni palikuwa na kabati lililoundwa na William Brodie. Brodie alikuwa seremala hasa, mkuu wa chama cha maseremala na diwani wa mji. Mchana aliwatengenezea matajiri makabati na vitasa, usiku akarudi kuwaibia kwa funguo alizozinakili. Alinyongwa 1788. Kabla ya Jekyll kuzaliwa kitabuni, Stevenson alishaandika mchezo wa kuigiza juu ya Brodie pamoja na W. E. Henley. Kila mteja akiniachia ufunguo wa nyumba yake akaenda Mombasa, mimi humkumbuka yule bwana.

Tatu, pima miili. Majalada na filamu zimezoea kumchora Hyde kama jitu. Kitabuni ni mdogo, na ni kijana kuliko Jekyll, nguo za Jekyll zinampwaya. Jekyll anatoa sababu yake: sehemu tisa katika kumi za maisha yake zilikwenda kwenye juhudi na kujizuia, kwa hiyo upande wa maovu haukupata mazoezi, ukadumaa. Baadaye anahisi kimo cha Hyde kinaongezeka. Mtahini akikuuliza uovu unakuaje katika riwaya hii, mjibu kwa nguo: lini zinapwaya, na kwa kiasi gani.

Sasa lile jedwali, na hapa nilikaa naye jioni nzima. Nilimwambia atafute sura ya mwisho, maungamo ya Jekyll, anionyeshe yule mwema yuko wapi. Alitafuta mpaka adhana ya isha. Hayupo. Dawa aliyojitengenezea na kuinywa Jekyll ilimtoa Hyde, mwovu mtupu, lakini upande wa pili hakutoka malaika. Alirudi Jekyll yuleyule wa siku zote, mchanganyiko wa mazuri na mabaya. Na Jekyll mwenyewe anasema hivyo: dawa haikuchagua, haikuwa ya shetani wala ya Mungu, ilitikisa tu milango ya gereza la tabia yake, na aliyekuwa macho ndani ndiye aliyetoka mbio. Wema ulikuwa umelala. Kwa hiyo safu ya kushoto haina mtu wa kuwekwa. Jekyll hakuomba kuwa mwema, aliomba kutenda ayatakayo bila jina lake kuguswa.

"Sasa niandike nini kushoto, mjomba?"

Andika hiyo hiyo, kwamba pako tupu, kisha ueleze kwa nini.

Ukishafika kwenye maungamo, tumia penseli mbili: moja kwa kila "mimi", nyingine kwa kila "yeye". Wenye Kiswahili tuna bahati, maana nafsi kwetu ni ile ya ndani ya mtu, na nafsi ni hiyo hiyo ya sarufi, ya kwanza na ya tatu. Mpwa wangu alitarajia kwamba Jekyll atasema "yeye" kwenye dhambi na "mimi" kwenye toba. Mambo yako kinyume. Katika mauaji ya mzee Carew, anayeuawa na Hyde, anayepiga kwa fimbo ni "mimi". Huko mbele, Hyde akihangaika mitaani kwa hofu ya kitanzi, ndipo Jekyll anapohamia "yeye" na kukiri kwamba "mimi" haimtoki. Hesabu mwenyewe, uweke namba za kurasa.

Akanikumbusha ya chuo cha Kurani, nafsi inayoamrisha maovu na nafsi inayojilaumu. Ni kweli, zitakusaidia kuelewa. Ila kwenye mtihani usimvishe Stevenson kanzu. Alilelewa na Wakristo wa Kipresbiteri wa Uskoti, na hofu zake ni za kwao.

Ukitakiwa kulinganisha, chukua riwaya ya Oscar Wilde juu ya Dorian Gray, iliyotoka jaridani 1890 na kuwa kitabu 1891. Humo uso unabaki mzuri, picha ndiyo inayooza, imefungiwa kwenye chumba cha juu alichosomea mwenyewe utotoni. Mlango tena. Dracula wa 1897 sikushauri kwa swali hili, uovu wake unatoka ng'ambo. Na Frankenstein usimguse: ni wa 1818, na Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901.

Mwisho fuata ufunguo. Baada ya mauaji Jekyll anatubu, anaufunga ule mlango wa nyuma na kuusaga ufunguo kwa kisigino. Kisha siku moja, amekaa bustanini Regent's Park, anageuka Hyde bila dawa. Dawa iko ndani. Nyuma amejifungia mwenyewe, na mbele watumishi wake watamtoa anyongwe. Inambidi amwandikie barua Dkt. Lanyon, rafiki yake wa zamani, Lanyon aende na seremala na fundi wa vitasa wafungue chumba chenye dawa. Seremala anasema akitumia nguvu ataharibu sana. Fundi wa vitasa karibu akate tamaa, lakini baada ya saa mbili kinafunguka. Mtu pekee niliyemwonea wivu katika kitabu kizima ndiye huyo.

Mpwa wangu aliniletea ramani yake asubuhi ya kuondoka, milango yote miwili, ua katikati, nyakati zimeandikwa pembeni kwa penseli mbili. Mlango wa nyuma alikuwa amesahau kuutia bawaba. Nikamrudishia.