Jinsi ya kuanza tiba ya pamoja wakati mwenza wako anaacha unga

Mke aliyeishi miaka mingi na mume anayetumia unga, yaani heroini na dawa nyingine za kulevya, huwa mpelelezi bila kufundishwa. Hupekua mifuko ya suruali kabla ya kuifua, akitafuta kete za unga, hunusa shati, humtazama mboni za macho anapofungua mlango usiku, na hela ya matumizi huificha ndani ya debe la unga wa sembe. Mume naye, hata akiwa ameacha kweli, huishi nyumbani mwake kama mshtakiwa. Tiba ya pamoja ya wanandoa hulenga hapo hasa: kuondoa upelelezi na kuweka mahali pake makubaliano ya wazi yanayotimizwa kila siku. (Nasema mume kwa urahisi tu, mke pia hutumia, na utaratibu ni uleule.)

Kwanza hakikisheni kwamba tiba hii inawafaa. Palipo na kipigo kikali, au mmoja akimwogopa mwenzake, msiketi pamoja, kwa sababu neno atakalolisema mchana mbele ya mnasihi anaweza kuadhibiwa kwalo usiku. Kila mmoja amwone mnasihi peke yake, na usalama utangulie ndoa. Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla ili kutimiza ahadi aliyompa mkewe, kwani anaweza kupata degedege na hata kufa, aanzie hospitali. Kwa heroini, arosto, yaani maumivu ya kuikosa, hutulizwa kwa methadoni, dawa ya kunywa ambayo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Anayeinywa kila siku mbele ya mhudumu yuko kwenye matibabu, wala hakubadilisha kilevi kimoja kwa kingine, na inaniuma kila ninapomsikia ndugu akimwambia mgonjwa vinginevyo.

Mnasihi mtafuteni kupitia kliniki ya methadoni, ofisi ya ustawi wa jamii au nyumba ya upataji nafuu (sober house). Mnaweza pia kupiga simu ya msaada kuhusu dawa za kulevya: Tanzania 119, na Kenya 1192. Mwulizeni waziwazi kama amesomea uraibu. Kikao cha wazee kinaweza kusuluhisha ugomvi wa ndoa, lakini hakitibu maradhi. Mpango wa tiba hii ya wanandoa, uliokuzwa Marekani na mwanasaikolojia Timothy O'Farrell na wenzake, huchukua vikao 12 hadi 20, kwa kawaida kimoja kwa wiki, hivyo pangeni nauli na ruhusa ya kazini mapema.

Kiini chake ni mazungumzo ya dakika mbili nyumbani, kila jioni saa ileile, televisheni ikiwa imezimwa. Mume anaeleza kwamba kwa saa 24 zilizopita hakutumia, kwamba amedhamiria kutotumia kwa saa 24 zijazo, na anamshukuru mkewe kwa kumshika mkono. Kama yuko kwenye methadoni, anasema pia kwamba leo amekunywa dozi yake. Mke anamshukuru, kisha anamuuliza kesho amsaidie nini. Mmoja anachukua kalamu na kutia alama kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Sharti gumu ni hili: nje ya dakika hizo hakuna kuhoji wala kufukua yaliyopita, na hofu zote zinasubiri kikao cha mnasihi. Wiki za mwanzo mke huona kana kwamba amefungwa mdomo, na ana haki ya kuona hivyo, kwa hiyo mnasihi ampe nafasi ya kutosha ya kuyasema machungu yake kikaoni.

Mnasihi atawapa na kazi nyingine, kama vile kila mmoja kuandika jambo moja jema alilotendewa siku hiyo, au kutoka pamoja mara moja kwa wiki, hata kama ni kutembea ufukweni tu.

Kuteleza, yaani kurudia kutumia, kupangieni mkiwa watulivu, na kwa maandishi: nani atapigiwa simu kwanza, watoto watalala wapi, fedha zitashikwa na nani. Mke ajue kwamba mwili uliokaa bila heroini hupoteza uzoefu wake, hivyo kipimo cha zamani kinaweza kuua. Akimkuta haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, amlaze ubavu na kumkimbiza hospitali, akimwambia daktari bila kuficha alichotumia. Akipona, siku hiyo kwenye kalenda iachwe tupu, na mazungumzo yaendelee jioni inayofuata kwa saa ileile.