Nairobi–Dar: chagua dirisha la kulia

Ukiruka kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam au Zanzibar, omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Kilimanjaro hubaki magharibi mwa njia, na huonekana takriban dakika 20 baada ya kupaa. Kurudi Nairobi, ni kushoto, yaani herufi A. Kulia huwa herufi ya mwisho ya safu, mara nyingi F. Thibitisha kwenye ramani ya viti unapochagua kiti mtandaoni, kwani kuna safu zisizo na dirisha kabisa.

Kwenye Boeing 737 kaa mbele ya bawa. Katikati, bawa huziba mandhari ya chini. Nyuma yake, hewa moto ya injini hutia ukungu picha. ATR 72, ndege ndogo ya mapanga, ina mabawa juu ya madirisha, lakini injini huziba safu za mbele na za kati, basi kaa nyuma.

Ndege ya asubuhi ndiyo bora: jua linatoka mashariki, linaangaza barafu bila kukupiga machoni. Baadaye mawingu hujikusanya, ingawa Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro (mita 5,895), mara nyingi huchomoza juu yake.